Utakatifu wa ujana: Vijana mashahidi na somo lililopitia Voi

MWAKA 1915 Voi haikuwa mji wa malori na mabasi ya masafa marefu kama uonekanavyo leo. Ilikuwa kambi ya vita. Wajerumani walikuwa wameiteka Taveta tangu Agosti 1914, nao Waingereza wakaanza kujenga reli kutoka Voi kuelekea Maktau ili wapate njia ya kuwarudisha walikotoka. Askari walitoka Uingereza, India na Afrika Kusini. Pamoja nao walitembea wapagazi Waafrika waliobeba risasi, unga na maji vichwani, wengi wao wakiwa wamechukuliwa vijijini bila hiari yao.

Wapagazi hao ndio waliotuachia majina ya Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam, kutokana na jina la Kiingereza la kikosi chao lililogeuzwa na ndimi za wenyeji. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Hesabu rasmi ya Waingereza ilikiri vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, na wanahistoria wanaamini idadi kamili ni kubwa kuliko hiyo. Waliougua walilazwa katika hospitali za kijeshi zilizofuata mstari wa vita. Moja ya hospitali hizo ilikuwa Voi.

Humo ndimo alimofanya kazi Sista Irene Stefani wa shirika la Wakonsolata. Alizaliwa Anfo, kaskazini mwa Italia, tarehe 22 Agosti 1891, akafika Mombasa Januari 1915 akiwa na umri wa miaka 23. Kijana huyo aliosha vidonda, akafua nguo zilizojaa uchafu, akawalisha watu wasioweza kuinua kijiko, na kujifunza maneno ya lugha zao apate angalau kuwauliza majina. Baada ya Voi alihamishiwa Kilwa na Dar es Salaam kwa kazi iyo hiyo. Vita vilipokwisha alipelekwa Gikondi, Nyeri, ambako Wakikuyu walimwita Nyaatha, yaani mama mwenye huruma. Alifariki dunia tarehe 31 Oktoba 1930 kwa ugonjwa wa tauni alioupata kwa kumhudumia mgonjwa. Alikuwa na miaka 39. Tarehe 23 Mei 2015, mjini Nyeri, Kadinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam aliongoza ibada ya kumtangaza kuwa Mwenyeheri, ikiwa mara ya kwanza kwa ibada ya namna hiyo kufanyika katika ardhi ya Kenya.

Msomaji anaweza kuuliza: Irene hakuuawa na mtu, basi anaingiaje katika makala yanayohusu vijana mashahidi? Anaingia kwa sababu neno lenyewe limepotoshwa, na upotoshaji huo umegharimu maisha ya watu katika pwani yetu.

Tuanze na neno. Katika Kiswahili, shahidi ni mtu aliyeona jambo na yuko tayari kulithibitisha. Ndiye anayeitwa mahakamani. Ndiye anayesimama katika ndoa. Waislamu na Wakristo wa pwani wote wamelitumia pia kwa mtu aliyeuawa kwa ajili ya imani yake, na hapo lugha yetu inakubaliana na Kigiriki cha kale, ambacho nacho kilitumia neno moja kwa maana zote mbili. Wakatoliki wana neno la pili, mfiadini, ambalo ni wazi zaidi lakini linabeba hatari yake: linaanza na kufa. Mtoto wa katekisimu anayelisikia kila Juni anaweza kudhani kwamba kufa ndiyo kazi aliyoifanya mtakatifu yule, ilhali kazi yake ilikuwa ya ushahidi, na kifo kilimkuta akiwa kazini.

Mashahidi wanaofahamika zaidi Afrika Mashariki ni wale wa Uganda, na kisa chao kina uzi unaopita Taita. Mapema mwaka 1885 Askofu James Hannington wa Kanisa la Anglikana alifika katika vilima hivi wakati njaa ilipokuwa imewakumba watu wa Sagalla, mahali ambapo mmishonari J. A. Wray alikuwa akihudumu tangu 1883. Miezi michache baadaye Hannington aliondoka tena pwani, safari hii akielekea Buganda kupitia nchi ya Wamaasai. Hakufika. Aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga.

Huko ikulu, Joseph Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki aliyekuwa msimamizi wa watumishi vijana wa Kabaka, alithubutu kumlaumu bwana wake kwa kumuua mgeni bila kumsikiliza. Kadhalika aliwakinga vijana waliokuwa chini yake dhidi ya matakwa ya Kabaka yaliyokwenda kinyume cha maadili ya dini yao. Tarehe 15 Novemba 1885 aliuawa. Kwa hiyo wa kwanza katika orodha ya Wakatoliki 22 wa Uganda alikufa kwa sababu, pamoja na mengine, ya kumtetea askofu wa Kianglikana. Jambo hilo halisemwi mara nyingi katika mahubiri ya Juni 3, nalo lingefaa kusemwa.

Yaliyofuata yanajulikana. Mei 1886 Denis Ssebuggwawo, kijana wa miaka 16 hivi, alikutwa akimfundisha dini mwenzake, mtoto wa Katikkiro, akapigwa kwa mkuki na Kabaka mwenyewe kisha akamalizwa siku iliyofuata. Usiku huo Charles Lwanga aliwabatiza wenzake waliokuwa bado wakatekumeni, miongoni mwao Kizito, anayekadiriwa kuwa na miaka 14. Tarehe 3 Juni wengi wao walichomwa moto Namugongo. Mbaga Tuzinde alikuwa wa jamaa ya mkuu wa wauaji, aliyemlea kama mwana. Mzee huyo alimsihi akubali kufichwa, akakataa, na mzee akaamuru apigwe rungu afe kabla ya kutiwa motoni. Waanglikana 23 nao wanahesabiwa katika mateso hayo. Hata kabla yao, katika miaka ya 1870, makumi ya vijana Waislamu wa ikulu waliuawa na Kabaka Mutesa kwa kushika sheria za dini yao. Namugongo ni makaburi ya watu wa imani tatu, si ya Wakatoliki peke yao.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Mwanga aliyetoa amri hiyo alikuwa naye kijana. Alirithi kiti mwaka 1884 akiwa na miaka 16 hivi, amezungukwa na wazee wenye hila, Waarabu wa biashara, wamishonari wa makanisa mawili yasiyopatana, na uvumi wa Wazungu wanaomeza nchi. Alifia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903, naye amebatizwa Daniel. Ikulu ile ilikuwa na vijana pande zote mbili za mkuki. Umri peke yake haukumfanya mtu kuwa mwema wala mwovu.

Papa Benedikto XV aliwatangaza mashahidi hao Wakatoliki kuwa wenyeheri tarehe 6 Juni 1920, na Papa Paulo VI akawatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Tangu hapo majina ya Kizito na Lwanga yamebandikwa shuleni, katika kwaya na katika jumuiya ndogo ndogo kote nchini. Ukubwa wa kisa chao umewafunika wengine, hususan wawili ambao kwa maoni ya mwandishi huyu wanamfaa zaidi kijana wa leo wa Wundanyi au Mwatate.

Hao ni Daudi Okelo na Jildo Irwa, Waacholi wa kaskazini mwa Uganda. Daudi alizaliwa takriban 1902, Jildo takriban 1906. Hawakuishi ikulu. Walikuwa watoto wa wakulima na wafugaji, waliobatizwa Kitgum Juni 1916 na wamishonari Wakomboni, wakapokea kipaimara Oktoba mwaka huo. Katekista wa Paimol, mbali na misheni, alipofariki, Daudi alijitolea kwenda kushika nafasi yake, na Jildo akachaguliwa kuwa msaidizi. Padre Cesare Gambaretto, mkuu wa misheni, aliwaonya kwamba njia ni ndefu na watu wa huko ni wakali, kwamba wangeweza hata kuuawa. Hawakubadili nia.

Maisha yao Paimol yalikuwa ya kawaida mno. Alfajiri Daudi alipiga ngoma kuwaita wanafunzi wake kwa sala. Aliwafundisha maswali na majibu ya katekisimu kwa kuyakariri karibu kwa sauti ya wimbo, maana wengi hawakujua kusoma. Wanafunzi walipokuwa shambani au machungani aliwafuata huko huko. Jioni walisali rozari na kuimba. Jildo, mtoto wa miaka 12 hivi, alijua michezo ya kuwakusanya watoto wenzake, nao walimpenda kwa hilo. Yeyote aliyewahi kuona kigango cha vijijini Taita kikiendeshwa wiki baada ya wiki na katekista, padre akifika mara moja kwa kipindi, ataitambua picha hii bila kuelezwa.

Mwaka 1918 ulikuwa mbaya Paimol. Serikali ya kikoloni ilikuwa imemvua mamlaka kiongozi mmoja wa wenyeji na kumpa mwingine, na hasira ikawaelekea wote waliohusishwa na wageni. Baina ya tarehe 18 na 20 Oktoba, kungali giza, watu watano walifika katika kibanda cha makatekista. Mzee wa kijiji aliwazuia, akiwaambia kwamba vijana wale ni wageni wake na hawawezi kuuawa. Daudi akatoka mlangoni na kumwomba mzee asijitie hatarini. Wauaji wakamtaka aache kufundisha dini. Alipokataa walimburura nje, wakamwangusha na kumchoma kwa mikuki. Jildo alibaki. Aliwaambia kwa machozi kwamba hakuna kosa walilotenda, na kwamba kama wamemuua Daudi kwa sababu ya kufundisha, basi yeye naye alifundisha. Wakamuua.

Mwili wa Daudi ulikaa bila kuzikwa, hadi watu walipoufunga kamba na kuuburura hadi kwenye kichuguu kitupu. Mabaki yalikusanywa mwaka 1926 na kuwekwa baadaye katika kanisa la Kitgum. Tarehe 20 Oktoba 2002 Papa Yohane Paulo II aliwatangaza wote wawili kuwa wenyeheri. Mahali walipouawa panaitwa Wi-Polo, na mahujaji hukusanyika huko kila Oktoba.

Mwandishi huyu hawezi kumpita yule mzee wa Paimol kwa haraka. Hakuwa Mkristo kwa kadiri ya masimulizi, na jina lake halikutangazwa Roma. Alisimama mbele ya mikuki kwa sababu ya heshima ya mgeni, jambo ambalo kila mzee wa Dawida angelielewa bila mahubiri. Na Daudi hakumtumia mzee huyo kama ngao, alimtoa katika hatari. Ishara ya shahidi wa kweli ndiyo hiyo: anaogopa zaidi kwa ajili ya mwenzake.

Hapa ndipo inapotulazimu kutaja Shakahola. Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu huo wa kaunti jirani ya Kilifi, na hatimaye miili zaidi ya 400 ikatolewa. Uchunguzi wa madaktari ulionyesha kwamba wengi walikufa njaa, na baadhi, wakiwemo watoto, walinyongwa au kukoseshwa pumzi. Viongozi wa kundi hilo walifikishwa mahakamani kwa mashtaka ya kuwafundisha wafuasi wajinyime chakula wafe ili wakutane na Yesu. Mwaka 2025 makaburi mengine yalifukuliwa Kwa Binzaro, katika kaunti iyo hiyo. Vijana walioacha masomo kwa kuambiwa kwamba elimu ni ya shetani walikuwa miongoni mwa waliopotea.

Anayewaambia vijana wasifu kifo cha Kizito bila kuwaeleza tofauti iliyopo anawaacha mikono mitupu mbele ya mhubiri wa namna hiyo. Tofauti ni kubwa, nayo si mpya. Masimulizi ya kale kuhusu Polikarpo, Askofu wa Smirna aliyeuawa karne ya pili, yanamtaja pia mtu mmoja aitwaye Quintus. Huyu alijipeleka mwenyewe kwa watawala na kuwashawishi wengine wafanye hivyo. Alipowaona wanyama wakali aliingiwa na hofu, akaikana imani. Polikarpo kwa upande wake alikubali kuondoka mjini na kujificha shambani, na alipokamatwa ndipo akasimama imara. Kanisa lilimsifu Polikarpo na likamtolea Quintus kama onyo. Karne mbili baadaye Agostino, Mwafrika wa Hippo, alifundisha kwamba kinachomfanya mtu kuwa shahidi ni sababu anayoifia, wala si ukubwa wa mateso yake.

Ndiyo maana Kanisa Katoliki linapochunguza kesi ya ushahidi huuliza maswali magumu. Je, aliyeua alisukumwa na chuki dhidi ya imani, au dhidi ya tendo lililozaliwa na imani? Je, aliyeuawa alikubali kifo bila kukichokoza? Je, alikufa bila kisasi? Anayejiua hawezi kuingia katika hesabu hiyo, wala anayemsukuma mwenzake afe. Kwa shahidi, muujiza hauhitajiki ili atangazwe mwenyeheri, lakini unahitajika ili atangazwe mtakatifu. Kwa asiyeuawa, kama Sista Irene, muujiza unahitajika tangu hatua ya mwenyeheri. Wake ulitoka Nipepe, Msumbiji, Januari 1989: watu waliozingirwa kanisani wakati wa vita walisimulia kwamba maji machache ya kisima cha ubatizo yaliwatosha kwa siku kadhaa baada ya kumwomba yeye.

Mwaka 2017 Papa Fransisko aliongeza njia nyingine, ile ya mtu aliyetoa uhai wake kwa hiari kwa upendo wa jirani, akijua kwamba kifo ki karibu, ingawa hakuna muuaji. Kesi ya Irene ilikuwa imekwisha pita kwa njia ya zamani, lakini ukiisoma sheria hiyo mpya ni vigumu kutomkumbuka mgonjwa wa tauni wa Gikondi.

Maswali hayo magumu yanaonekana vizuri katika kesi ya karibuni kabisa, nayo inamhusu msemaji wa Kiswahili. Floribert Bwana Chui bin Kositi alizaliwa Goma, mashariki mwa Kongo, tarehe 13 Juni 1981. Alisomea sheria, akawa mwanachama wa Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, na muda wake wa ziada aliutoa kwa watoto wa mitaani wa Goma. Kazi yake ya mshahara ilikuwa mpakani, katika ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa zinazoingia nchini. Mwaka 2007 ulifika mchele ulioharibika. Alipewa hongo aupitishe, akakataa. Wakuu fulani walimpigia simu wakimtaka alegeze kamba, akakataa tena, akisema kwamba watu wangeugua kwa kuula. Tarehe 7 Julai alitekwa, na baadaye mwili wake ukapatikana ukiwa na alama za mateso. Alikuwa ametimiza miaka 26 majuma machache tu kabla ya hapo.

Kwa miaka kadhaa watu waliuliza: huyu ni shahidi wa imani, au ni mtumishi mwaminifu aliyeuawa na wafanyabiashara? Novemba 2024 Papa Fransisko aliidhinisha jibu kwamba aliuawa kwa chuki dhidi ya imani, kwa kuwa uaminifu ule ulitoka katika imani yake. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, mjini Roma. Mji wake wa Goma wakati huo ulikuwa mikononi mwa waasi wa M23, waliouteka Januari mwaka huo.

Kwa msomaji wa Taita Taveta kisa hiki hakihitaji tafsiri. Kaunti hii ina mpaka wake Taveta, ambako malori ya mahindi, vitunguu na mchele hupita baina ya Kenya na Tanzania kupitia Holili. Ina barabara kuu na reli zinazokutana Voi. Ina machimbo ya vito Kasigau na kwingineko, ambako jiwe linaweza kubadili mikono mara tano kabla ya jua kutua. Kijana wa hapa anayetafuta kazi atakutana na muhuri, mzani, stakabadhi na mtu anayemnong'oneza kando muda mrefu kabla ya kukutana na mkuki. Floribert hakupewa nafasi ya kuikana dini yake kwa kinywa. Alichoulizwa ni kama atatia sahihi.

Mwaka huo wa 1997, ambao wazazi wengi wa vijana wa leo wanaukumbuka kwa sababu nyingine za kwetu za uchaguzi na machafuko ya Likoni, kulitokea Burundi jambo jingine la vijana. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili waasi waliivamia seminari ndogo ya Buta, jimbo la Bururi, na kuwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi huku. Wanafunzi walikataa kutengana. Arobaini waliuawa. Kesi yao ya kutangazwa wenyeheri ilifunguliwa miaka mingi baadaye na bado ni ya kusubiriwa. Hawakuambiwa waikane imani. Waliambiwa waonyeshe kabila.

Nchini mwetu, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148, wengi mno wakiwa wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa baada ya washambuliaji kuwatenga Wakristo. Hakuna tangazo la Kanisa kuhusu wao, na si kazi ya gazeti kulitoa. Miezi minane baadaye, tarehe 21 Desemba, basi lilivamiwa katika kaunti ya Mandera. Abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo, na mwalimu mmoja, Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Waislamu wenzake walimwita shahidi. Neno ni lile lile, na hapa lilikaa mahali pake.

Pengine baadhi ya wasomaji watauliza kwa nini hatukuanza na Mombasa, kwa kuwa Taita Taveta iko ndani ya Jimbo Kuu la Mombasa na jimbo hilo lina mashahidi wake wa Agosti 1631. Sultani Yusuf bin Hassan, aliyelelewa na Wareno Goa na kubatizwa Jerónimo, aliasi, akaiteka Ngome ya Yesu na kuwaua mapadre Waagostino pamoja na Wakristo wengi, Wareno na Waafrika. Kisa hicho kina uzito wake. Lakini kimefungamana na utawala wa Wareno na madhila yake kiasi kwamba kuutenga uzi wa imani na uzi wa siasa kunahitaji makala yake yenyewe, na mwanahistoria mvumilivu.

Kuhusu wito wenyewe wa utakatifu, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha sema mwaka 1964 kwamba ni wa waamini wote, wala si wa mapadre na watawa pekee. Papa Fransisko aliurudia mwaka 2018, akazungumzia watakatifu wa mlango wa pili, yaani jirani anayelea watoto, anayefanya kazi kwa bidii, anayeugua bila kupoteza tabasamu. Mwaka uliofuata aliwaandikia vijana waraka wao. Na tarehe 7 Septemba 2025 Papa Leo XIV aliwatangaza watakatifu Waitaliano wawili: Pier Giorgio Frassati aliyefariki mwaka 1925 akiwa na miaka 24, na Carlo Acutis aliyefariki 2006 akiwa na miaka 15. Hakuna aliyewaua. Acutis alitengeneza tovuti, Frassati alipanda milima na kuwapelekea maskini chakula. Picha ya Acutis akiwa amevaa viatu vya michezo imesambaa katika simu za vijana wetu kuliko sanamu yoyote ya plasta, jambo ambalo baadhi ya wazee halikuwapendeza.

Turudi Voi. Makaburi ya vita yaliyoko katika mji huo na Taveta yanatunzwa vizuri, mawe yamepangwa kwa mstari na majina ya askari yamechongwa. Majina ya wapagazi waliofia katika hospitali zile hayapo. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi baada ya uchunguzi wake kukiri kwamba makumi ya maelfu ya Waafrika na Waasia hawakukumbukwa sawasawa na wenzao Wazungu. Wakati wa vita vyenyewe, katika wodi za Voi, alikuwepo msichana wa Kitaliano aliyekuwa akizunguka kitanda kwa kitanda akiuliza majina.

Wenyeheri Daudi na Jildo hukumbukwa tarehe 20 Oktoba, na Mwenyeheri Irene tarehe 31 Oktoba. Hakuna kati yao aliyekwisha tangazwa mtakatifu, wala Floribert. Kila mmoja anasubiri muujiza mmoja uliothibitishwa, nao unaweza kutoka kwa mgonjwa wa parokia yoyote.